Uzito wa Nyuma wa Trekta Dogo: Nilivyoutengeneza kwa Mfuko Mmoja wa Saruji

Trekta langu ni la nguvu za farasi 24, mtumba wa Kijapani, lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa na kijiko cha mbele, rotaveta (mashine ya visu vya kutifua udongo, inayofungwa nyuma) na tairi ambazo bado zilikuwa na meno mazuri. Nyuma, mikono miwili ya kunyanyulia pamoja na toplinki, ule mkono wa tatu wa juu, vilikuwa vitupu, na hakuna aliyelisemea hilo neno. Si wakala aliyelitoa bandarini, si dereva wa lori aliyelipandisha mpaka Mafinga, wala mafundi waliokuja kulishangaa lilipofika. Wote walisifia injini.

Nalima parachichi huku Mufindi. Kwa asiyepajua, hapa hata shamba linaloitwa tambarare lina mteremko. Kijiko nilikitaka kwa kazi moja kubwa: kutoa samadi kwenye banda la ng'ombe na kuipeleka mashimoni kabla ya mvua za Novemba. Tulianza mapema, mwezi wa Juni, ili samadi ipate muda wa kuoza na kuchanganyika na udongo.

Siku yenyewe dereva wangu alikuwa anateremka na kijiko kimejaa samadi mbichi, ile ya chini kabisa ya banda iliyoshiba mkojo, ambayo ni nzito kuliko inavyoonekana kwa macho. Njiani kuna mtaro mdogo wa kukinga maji ya mvua. Tairi za mbele zilipozama mtaroni, za nyuma zikaiacha ardhi. Hazikunyanyuka sana, labda kiasi cha kupitisha kiganja, lakini zilitosha. Akakanyaga breki, trekta likaendelea kushuka vilevile. Kilichomwokoa ni kukiangusha kijiko: kikachimba udongo, trekta likageuka kidogo na kusimama, usukani umempiga kifuani. Mimi niliyekuja nikikimbia kutoka bandani nilikuwa natetemeka kuliko yeye.

"Mama, breki zimekufa," akaniambia. "Nimekanyaga mpaka mwisho, halishiki."

Fundi akaja, akafungua breki zote mbili. Nzima. Nikalipa hela ya kufungua na ya kufunga. Alichokikuta, na ambacho sikumwita kwa ajili yake, ni oili sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) za ekseli ya mbele zimeanza kuvuja, kitovu cha gurudumu la kulia kimelowa oili na vumbi limegandia pale. Nikaambiwa ni uchakavu wa kawaida wa mtumba.

Jibu la kweli nililipata kwa mzee jirani yangu, mtu aliyestaafu baada ya kuendesha mitambo kwenye mashamba ya chai kwa miaka mingi. Alipita kunipa pole. Baada ya kamwene na habari za nyumbani, alilizunguka trekta mara moja, akauliza swali moja tu: "Nyuma mnafungaga nini?"

"Hatufungi kitu, mzee."

Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa kidole: breki za matrekta madogo kama hili ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Tairi la nyuma likiwa hewani, au likiwa limegusa ardhi kidogo tu, unaweza kuwa na breki mpya kutoka kiwandani na bado usisimame. Kama dereva angekuwa ameingiza ile gia ya kuvuta magurudumu yote manne, magurudumu ya mbele yangefungwa pamoja na ya nyuma kupitia shafti, na breki ingepata pa kushika. Hakuwa ameiingiza, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aitumie kwenye tope tu ili kuokoa mafuta. Na ile oili sili? Mzee aliiangalia akasema ekseli ya mbele imebebeshwa mzigo ambao si wake.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa trekta langu. Fikiria mtu aliyebeba mzega: akiweka ndoo moja upande wa mbele tu, inabidi auvute mti chini kwa mkono upande wa nyuma, na bega linabeba zaidi ya uzito wa ndoo yenyewe. Ekseli ya mbele ndiyo bega. Kwenye trekta langu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.5. Katikati ya kijiko, kikiwa kimebeba, ni kama mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Kijiko kikiwa na kilo 300, unazidisha 300 kwa 1.2, unagawanya kwa 1.5, unapata 240. Maana yake ekseli ya nyuma inapungukiwa na kilo 240, na ya mbele inaongezewa kilo 540. Mzigo ni 300, ekseli inabeba 540! Kwa trekta lenyewe jepesi namna hii, kilo 240 kutoka nyuma ni nyingi mno.

Sasa chukua kilo 390 uzining'inize nyuma, katikati ya uzito ikiwa mita 0.8 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hesabu ni ileile: 390 mara 0.8, gawanya kwa 1.5, unapata 208. Ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 208, na ya nyuma inapata zile 390 pamoja na hizo 208, jumla karibu 600. Hesabu hii naomba uifanye kwa trekta lako kwa futi kamba mkononi kabla hujanunua hata msumari, kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kukataa ushauri mwingi niliopewa bure.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kujaza maji kwenye tairi za nyuma. Ni njia nzuri na ya zamani. Unasimamisha valvu juu kabisa, unajaza maji mpaka yafike usawa wake, kama robo tatu ya tairi, halafu unamalizia na upepo. Tairi zangu ni za saizi 11.2-24 na kila moja inaweza kubeba lita mia moja na ushei. Lakini uzito ulio ndani ya tairi unakaa palepale kwenye ekseli ya nyuma, hauko nyuma yake. Unaizuia nyuma isinyanyuke, ila haupunguzi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele, na mimi nilikuwa na sili zinazovuja. Pia huku kwetu Juni na Julai kuna asubuhi tunaamka na barafu kwenye majani, kwa hiyo maji matupu hayakunipa usingizi.

Wa pili ulikuwa kuacha rotaveta imefungwa nyuma muda wote. Tulifanya hivyo kwa muda wakati nikijipanga, na ilisaidia. Shida yake ni kwamba rotaveta yangu haifiki kilo 250, ni pana, na katikati ya mistari ya miparachichi inakwangua matawi kila dereva anapokata kona. Halafu ni visu. Watoto wa vibarua wanapita pale.

Wengine wakasema nichomelee sanduku la bati nijaze mawe. Mawe yaliyomwagwa yana nafasi katikati yake. Meta moja ya ujazo inakupa tani moja na nusu hivi, wakati zege linakupa karibu tani 2.4. Sanduku la kilo 390 za mawe lingekuwa kubwa kama kabati na lingepiga kelele shamba zima. Chuma kitupu kingekuwa bora kuliko vyote, maana ujazo uleule unakupa zaidi ya mara tatu ya zege, lakini nilipouliza bei ya chuma chakavu kwa kilo, hesabu ilinitoa jasho. Na muuza chakavu mmoja alinivuta pembeni kunionyesha kipande cha reli. Hicho usikiguse hata kama unapewa bure. Ni kesi.

Kwa hiyo zege. Na kwenye zege nako kuna njia ya mkato maarufu: pipa la lita 200 lililokatwa juu, unachomeka chuma, unamimina. Ukilijaza lote unapata kilo 480 bila vyuma vyake. Kwa trekta kubwa kidogo ningefanya hivyo na ningemaliza mapema. Kwangu pipa lilikuwa refu na zito kupita kiasi, na umbo lake la duara linasogeza uzito nyuma zaidi kuliko ninavyotaka.

Ni kiasi gani ambacho mikono ya trekta inaweza kunyanyua? Mtumba wa Kijapani unakuja bila kitabu, au na kitabu ambacho hakuna hapa kijijini anayekisoma. Tulifanya jaribio la kienyeji. Tulifunga chaga ya mbao kwenye mikono ya nyuma, tukaegesha trekta mahali pa bapa, tukaanza kupakia mifuko ya mbolea ya kilo 50, mmoja mmoja. Kwa mifuko minane mikono ilipanda bila shida injini ikiwa kwenye mwendo mdogo. Kwa kumi ilipanda taratibu. Mfuko wa kumi na mbili ulipowekwa, valvu ya haidroliki ililia na mikono haikwenda popote. Nikaamua nisivuke kilo 400, kwa sababu uzito unaotulia ukiwa umesimama unaruka ukiwa njiani kwenye mashimo, na kila kuruka kunaipiga haidroliki na pini. Anayetafuta uzito mkubwa kuliko wote ili awe salama zaidi, atakuja kununua pampu.

Jiwe lenyewe (vibarua ndivyo wanavyoliita) nililipangia upana wa sentimita 60, kimo 50 na unene 50. Hiyo ni meta za ujazo 0.15, sawa na kilo 360 za zege, na vyuma vinamalizia. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinakula mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne. Mfuko ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni ndoo kubwa tatu na nusu za lita 20, na kokoto ndoo saba. Maji yasivuke lita 25. Mchanga wetu ulikuwa na unyevu, tukatumia kama ndoo moja tu na zege likawa zito, la kushindilia. Fundi alitaka kuongeza maji ili limwagike vizuri. Nilimkatalia. Zege la uji linapasuka.

Vyuma ndivyo vilivyochukua muda na hela, na hapa naomba nikae kidogo.

Kila kitu kinategemea shafti moja inayopita kwenye jiwe kutoka upande mmoja hadi mwingine, ambayo ncha zake ndizo zinazoingia kwenye mikono ya chini. Matundu ya mikono yangu yanapokea pini ya milimita 22, na ya toplinki milimita 19, vipimo vya matrekta mengi madogo, lakini pima ya kwako, kwa sababu mitumba ya Kijapani ina vituko vyake. Nilinunua shafti chakavu ya milimita 32, nikaipeleka kwa fundi kereza Mafinga akazipunguza ncha mbili hadi 22, akaacha bega mahali ambapo mkono unagota. Kutoka bega hadi bega ni sentimita 68. Mwishoni akatoboa tundu la pini ya kufungia. Kuna fundi aliyenishauri nitumie nondo nene iliyochomelewa kila upande wa jiwe, nusu na nusu. Nusu na nusu hazinyooki. Hata ukipima vipi, moto wa kuchomelea unavuta upande mmoja, na ukija kufunga mikono unakuta mmoja unaingia na mwingine unagoma. Shafti moja iliyonyooka inaondoa ugomvi huo.

Juu ya shafti tulichomelea flati baa mbili nene za milimita 10, zikasimama sambamba kama sentimita 6 kutoka nyingine, zikapanda hadi kwenye tundu la toplinki, sentimita 46 juu ya shafti. Chini ya shafti ziliendelea hadi karibu na kitako cha jiwe na kuishia kwenye kipande cha bamba kilicholala, ili jiwe lote likae juu ya chuma. Zege linavumilia sana kukandamizwa, kuvutwa halivumilii. Ukiliacha lining'inie kwenye shafti kwa sehemu yake ya juu tu, siku moja utabaki na shafti mkononi na jiwe chini. Kuzunguka hapo tukasuka kizimba cha nondo za milimita 12, kikapita chini ya kila kitu na kurudi juu, kikafungwa kwa waya wa kufungia badala ya kuchomelewa. Kati ya nondo na uso wa jiwe tuliacha kama sentimita 4, kutu isiingie.

Shafti iko karibu na uso wa mbele wa jiwe, sentimita 12 tu kutoka hapo, na 15 kutoka kitakoni. Fundi alitaka kuiweka katikati kabisa, "ili ikae sawa, mama." Ingekaa sawa, na mikono ya chini, ambayo inabanana kuelekea kwenye trekta, ingekuwa inasugua kona za jiwe kila inapopanda. Tena jiwe lingesogea mbele na kugusa tairi kwenye kona. Nilimpeleka nyuma ya trekta, nikashika kipande cha boksi lenye vipimo vya jiwe, dereva akanyanyua mikono. Mabishano yakaisha. Boksi la karatasi ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyotumia.

Kuna kitu kimoja nilikataa kabisa. Fundi alikuwa ameshaandaa ndoano ya kuchomelea juu ya zile flati baa, ya kuvutia magogo ya milingoti, maana huku kila mwenye trekta anaombwa kuvuta gogo. Trekta likivuta kitu kutoka juu namna ile, halivuti, linajipindua. Mbele inanyanyuka, na kabla dereva hajatoa mguu trekta limemlalia. Cha kuvuta kinafungwa chini, kwenye upau wa kuvutia wa trekta, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Fundi aliondoka na ndoano yake akiwa amenuna.

Fomu, yaani sanduku la kumiminia zege, tuliipiga kwa mbao za paina za inchi moja, tukazifunga kwa skrubu badala ya misumari ili zifunguke bila kuvunja kona. Ndani tulipaka oili chafu. Kwenye kona nne za wima na ukingo wa chini tulipigilia vipande vyembamba vya mbao vya pembe tatu, ili jiwe litoke bila ncha kali. Ncha kali za zege ndizo zinazomeguka kwanza na ndizo zinazochana miguu ya watu. Tulisimamisha vipande viwili vya bomba la plastiki ndani, vipate kuwa matundu ya kuchomekea koleo na mtaimbo. Nilidhani ni urembo. Leo ndiyo sehemu ya jiwe ambayo dereva anaisifia.

Njia ya kunyoosha shafti na toplinki ndani ya fomu aliileta dereva, na ni nzuri kuliko pima maji yoyote. Alivifunga vyuma vyote kwenye trekta kwanza, kana kwamba jiwe limeshakamilika, akarudi nyuma mpaka juu ya fomu iliyokuwa imewekwa kwenye magogo mawili mafupi, akaviteremsha taratibu ndani. Kwa hiyo trekta lenyewe likawa ndilo linalovishikilia mahali pake. Magogo yanahitajika ili jiwe likae juu kidogo na mikono iweze kuingia chini baadaye. Tahadhari yake ni hii: haidroliki ya trekta la mtumba haibaki juu usiku kucha. Injini ikizimwa, mikono inashuka polepole, na asubuhi ungekuta shafti imezama. Tuliweka vipande vya mbao chini ya ncha zote mbili za shafti, tukakaza, ndipo tukaanza kumimina.

Hatukuwa na mtambo wa kutetemesha zege. Tulimimina kwa matabaka ya kiganja hadi kiganja na nusu, kila tabaka likachomwachomwa kwa kipande cha nondo, huku mmoja akigonga mbao kwa nyundo kutoka nje mpaka mapovu ya hewa yakome kutoka. Katikati tukatupia gia mbovu na diski za breki chakavu, kama kilo 20, zilizosuguliwa grisi yote kwa dizeli na kukaushwa. Chuma chenye grisi zege halikishiki. Fomu ilianza kutuna chini tulipofika nusu. Tulikuwa na ubao na kabari karibu, tukaukaza. Zege bichi linasukuma pembeni kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo kabari ziwe tayari kabla ya ndoo ya kwanza.

Halafu kungoja. Ilikuwa Julai, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na kwenye baridi zege linakomaa pole pole. Tulilifunika kwa magunia, tukayaweka maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima ya kwanza. Dereva kila siku ananiuliza, "Mama, bado tu? Limeshakuwa jiwe hili." Lilikuwa gumu kwa nje, ndiyo. Nguvu yake kamili zege linahesabiwa kwa siku 28, na mimi nililiacha mpaka mwezi ukaisha ndipo nikaruhusu linyanyuliwe, kwa sababu lingebebwa kwa kuning'inizwa, na pale ndipo zege changa linapovunjika. Wakati huo samadi ilibebwa kwa mkokoteni, na vibarua walinilipisha.

Lilipotoka tulilipeleka kwa mnunuzi wa mahindi mwenye mizani ya kusimama ya kilo 500. Bwana mizani alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akaomba mikono isiliachie ghafla. Dereva akalishusha kama anaweka yai. Kilo 392.

Tofauti dereva aliisikia kwenye usukani kabla ya kwenye breki. Zamani akiwa na kijiko kilichojaa alikuwa anakata kona kwa mikono miwili na mabega. Sasa unageuka kwa urahisi, kwa sababu zile kilo mia mbili zimeondoka mbele. Kwenye mteremko uleule, kwa mzigo uleule, trekta linasimama. Bado sheria za mzee zimebaki palepale: magurudumu manne yameingizwa kila anapobeba, kijiko kiko chini usawa wa goti, na kuteremka ni gia ndogo. Uzito wa nyuma haukupi ruhusa ya kubeba zaidi. Nililazimika kulisema hilo kwa sauti, maana wiki ya kwanza nilimkuta anapakia kijiko mpaka samadi inamwagika pembeni.

Jiwe lina ubaya wake pia. Ukipanda kilima kijiko kikiwa kitupu, mbele inakuwa nyepesi na usukani unateleza. Tunapanda jiwe likiwa limeshushwa karibu na ardhi, au kijiko kikiwa na kitu. Tairi za nyuma tuliziongeza upepo kidogo kwa ajili ya mzigo mpya. Na hatuliachi ardhini moja kwa moja. Linakaa kwenye magogo yake mawili, kwenye sakafu ngumu, ili kulifunga iwe kazi ya mtu mmoja. Kwenye udongo laini linazama, na kulifukua ni adhabu. Asiingie mtu katikati ya jiwe na trekta wakati mikono inatembea, hata akiwa fundi.

Kuhusu hela, nitasema kama ilivyokuwa. Saruji 18,000. Mchanga na kokoto 30,000. Nondo mbili 54,000. Shafti chakavu 40,000 na kuikereza 50,000. Flati baa na bamba 35,000, kuchomelea 60,000, mbao na skrubu na waya 25,000, pini 12,000, msaidizi wa zege 20,000. Jumla shilingi 344,000. Kubadilisha zile oili sili za mbele, pamoja na beringi moja iliyokuwa imeshaliwa, kulinigharimu 480,000, na kabla yake kulikuwa na hela ya fundi aliyefungua breki nzima. Ningeanza na jiwe, hizo nyingine zingebaki mfukoni au zingekuja baada ya miaka.

Ningelirudia leo, ningebadilisha machache. Ningeacha ndani ya zege vipande viwili vya bomba nene la chuma vilivyolala kutoka mbele kwenda nyuma, ili niweze kuongeza vipande vya chuma siku kijiko kinapobeba kitu kizito na kuvitoa siku nyingine. Ningepaka rangi nyekundu upande wa nyuma na kubandika vile vioo vinavyong'aa, maana jioni barabarani jiwe la kijivu halionekani na bodaboda mmoja alishalikaribia mno. Hili la rangi tumeshalifanya.

Sasa mzee jirani amenunua la kwake, dogo zaidi, la farasi 18, na ameniomba fomu. Nilimwambia tuanze na chaga na mifuko ya mbolea. Mikono yake iliishia mfuko wa saba, kwa hiyo jiwe langu lingemuua pampu. Kwa lake tumepiga hesabu ya sentimita 55 kwa 45 kwa 40, ambayo ni kilo 240 hivi za zege kabla ya vyuma, na shafti iko kwa fundi kereza.